Milango Miwili: Maisha ya Babu Yetu Seremala



Kila hekalu linapoadhimisha miaka yake hutolewa kitabu kama hiki, na kila kitabu kama hiki huwa na kurasa za historia. Katika kurasa hizo husomwa zaidi habari za wafanyabiashara: nani alifungua duka la kwanza, nani alitoa kiwanja, nani alichangia marumaru. Ni haki yao kukumbukwa, na hatuna nia ya kuwapunguzia heshima. Lakini waliovuka bahari kutoka Gujarat hawakuwa wenye maduka peke yao. Walivuka pia maseremala, wahunzi, waashi, mafundi wa kushona nguo na viatu, na masonara. Na hao kurasa zetu zimewataja kwa uchache mno. Kamati ya maadhimisho ilipotuomba makala, tulichagua kumwandika mmoja wao: baba wa babu yetu, aliyekuwa seremala hapa Tanga, na ambaye mikono yake ilichonga milango miwili ya hekalu hili.

Kwa desturi ya nyumbani kwetu wadogo hawalitamki jina la mzee, na mjini watu walimjua kwa neno moja tu, Mistri, ambalo kwa Kigujarati ni fundi mwenye ujuzi. Nasi tutamwita hivyo hivyo. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wajukuu wetu wanasoma Kiswahili kwa wepesi kuliko hati ya Kigujarati. Ya pili, nusu ya historia hii ni mali ya familia za Kiafrika za mji huu, na si adabu kuandika habari za wazee wa watu kwa lugha ambayo wao hawaisomi.

Njaa ya Hamsini na Sita

Mistri alizaliwa Kathiawar, ile rasi ya magharibi mwa Gujarat ambayo leo huitwa Saurashtra, katika kijiji kisicho mbali na bandari ya Porbandar. Alikuwa Suthar, yaani mtu wa jamii ya maseremala. Baba yake alikuwa seremala, na baba wa baba yake vilevile. Mlinzi wa kazi yao ni Vishwakarma, fundi wa miungu, ambaye huonyeshwa katika picha akiwa ameshika zana za ujenzi, mojawapo ikiwa kijiti cha kupimia.

Ili msomaji aelewe kwa nini seremala aliacha kijiji chake, ni lazima kwanza aelewe namna alivyolipwa. Seremala wa kijiji hakulipwa fedha kwa kila kazi. Alitengeneza na kurekebisha majembe ya kukokotwa, magari ya ng'ombe, milango na vitanda vya wakulima mwaka mzima, na wakati wa mavuno kila mkulima alimpimia fungu lake la nafaka. Ulikuwa mpango mwema katika miaka ya mvua. Lakini ulimfunga fundi na shamba kwa kamba moja: mkulima akikosa, fundi naye amekosa.

Mwaka wa 1956 wa kalenda ya Vikram Samvat, ambao ni sawa na 1899 hadi 1900, mvua haikunyesha. Wagujarati mpaka leo wanaiita njaa hiyo Chhappaniyo, kwa sababu chhappan ni hamsini na sita. Watu walikufa kwa wingi, na ng'ombe walikufa kwa wingi zaidi. Babu yetu alikuwa akitueleza jambo hili kwa maneno machache, kama alivyolisikia kwa baba yake: ng'ombe wakifa, jembe halina wa kulikokota, jembe lisipolima halivunjiki, na jembe lisipovunjika, seremala hana kazi. Hivyo Mistri, akiwa kijana ambaye ndiyo kwanza ameoa, alikuwa na ujuzi kamili katika nchi isiyokuwa na chochote cha kutengeneza.

Kuvuka bahari hakukuwa jambo jepesi kwa Mhindu wa zama zile. Wazee waliita bahari kuu maji meusi, nao waliamini kwamba avukaye hupoteza heshima ya jamii yake. Lakini njaa haina mjadala. Msimu wa kaskazi ulipoanza kuvuma, Mistri aliingia katika jahazi la kwenda Unguja. Alimwacha mke wake kwa wazazi, akachukua sanduku moja la mbao. Ndani yake mlikuwa na msumeno, tezo, randa mbili, patasi za ukubwa mbalimbali, nyundo, jiwe la kunolea, na kijiti chake cha kupimia. Sanduku hilo tunalo mpaka leo, na mengi ya haya tunayoyaandika yametoka ndani yake.

Chuo cha Unguja

Unguja ya wakati ule ilikuwa mji wa mafundi. Nyumba za mawe ya matumbawe zilihitaji boriti, ngazi, madirisha na, kuliko vyote, milango. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limewaonyesha watu ukubwa wa mlango unaweza kuwa kiasi gani. Mwenye nyumba alijulikana kwa mlango wake kabla hajajulikana kwa uso wake.

Mistri alipata kazi katika karakana iliyokuwa na mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili pamoja. Alifika akidhani kwamba anakuja kufundisha, akakuta kwamba lazima ajifunze. Mafundi wa pwani hii, wa Lamu na Siyu na kwingineko, walikuwa wakichonga milango kwa nakshi zao vizazi vingi. Mlango wao ulikuwa na mpango wake na majina yake: miimo miwili ya ubavuni, kizingiti cha juu na cha chini, na katikati mfaa, ule mti wa kusimama unaofunika mahali ambapo mbao mbili hukutana. Ubao mmoja waliuita dume na wa pili waliuita jike. Mlango haukuning'inia kwenye bawaba, bali ulizunguka juu ya vigingi vilivyoachwa katika mbao zenyewe. Kwenye fremu walichonga mnyororo, ishara ya kuilinda nyumba. Wagujarati nao walipenda mlango uliogawanywa kwa miraba midogo midogo yenye vifundo vya shaba. Katika karakana ile mitindo hiyo miwili ilikaa benchi moja.

Kiswahili alikianza kwa majina ya zana, na humo alipata faraja. Kifaa alichokiita randho nyumbani, hapa aliambiwa kinaitwa randa. Gund ilikuwa gundi. Gadi ilikuwa gari. Maneno yalikuwa yametangulia kuvuka kabla yake, yakapata makazi, na hakuna aliyeyauliza yametoka wapi.

Kijiti cha Pande Nne

Baada ya miaka michache alisikia kwamba bara kuna kazi. Wajerumani walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga. Reli na mkonge viliita watu wa kila namna, na vyote viwili vilihitaji mbao: nyumba za wafanyakazi, magari ya kubebea majani, meza za maofisi, rafu za maduka, masanduku ya mizigo.

Mistri alikuja Tanga kwa mashua, reli ikiwa imekwisha kufika Mombo. Alipanga chumba kimoja chenye uwanja wa nyuma, akaufanya uwanja kuwa karakana. Hapo alikutana na mtu ambaye, kwa maoni yetu, anastahili nafasi katika kurasa hizi sawa na yeye. Alikuwa Mdigo, kijana wa rika lake, aliyekuwa akitengeneza mitumbwi na vitanda. Mistri alijua mbao za Gujarat. Za hapa hakuzijua. Mwenzake ndiye aliyemfundisha kuchagua mvule kwa kazi ya kudumu, kwa kuwa mchwa hauupendi; kuutambua kwa rangi, kwa harufu na kwa uzito mkononi; na kuuacha ukauke kivulini bila haraka, maana mbao iliyoharakishwa hulipiza kisasi ikiwa imekwisha kuwa mlango. Mistri naye alimfundisha kupima kwa kijiti, kuchora kazi chini kwa chokaa kabla ya kukata, na kuunganisha mbao bila msumari hata mmoja: ulimi wa mbao hii uingie katika tundu la mbao ile, ukazwe kwa kigingi. Baadaye walichukua wanagenzi wanne, wote vijana wa mji na vitongoji vyake.

Kijiti chake cha kupimia ni kitu cha kustaajabisha. Kina pande nne. Upande wa kwanza kuna gaj ya Kigujarati iliyogawanywa katika sehemu 24, kila moja ikiitwa tasu. Upande wa pili, kwa alama za kisu, ameweka mkono na shubiri, vipimo vya wateja Waswahili. Upande wa tatu kuna mita, kwa sababu Mjerumani hakukubali kipimo kingine. Upande wa nne, wenye alama mpya zaidi, kuna futi na inchi za Mwingereza. Serikali zilibadilika, fedha zikabadilika kutoka rupia na hela za Wajerumani mpaka shilingi za Waingereza, na kila badiliko lilimtaka fundi aanze upya kukata alama katika ubao ule ule. Hakutupa upande wowote. Aliugeuza tu kijiti kulingana na aliyesimama mbele yake.

Siku za Vita

Mwanzoni mwa Novemba 1914 vita vilifika mlangoni. Meli za Waingereza zilishusha jeshi la watu wapatao 8,000 ili kuiteka Tanga, na sehemu kubwa ya jeshi hilo ilikuwa askari wa Kihindi. Waliowangoja walikuwa askari wapatao 1,000 wa Kanali Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika. Mapigano makali yalikuwa tarehe 4; makundi ya nyuki yaliyochokozwa na risasi yakawavamia wapiganaji; na washambuliaji walishindwa, wakarudi melini wakiacha nyuma maiti, bunduki na risasi nyingi.

Kwa Mistri zilikuwa siku za hofu ya aina mbili. Waliokuja kushambulia walitoka nchi aliyozaliwa, na kwa hiyo Mjerumani alimtazama kila Mhindi kwa jicho la shaka. Lakini risasi zao hazikuuliza nani ni ndugu. Wakati huo mke wake alikuwa amekwisha kuja kutoka Kathiawar, na babu yetu alikuwa mtoto mchanga. Yule mwenzake Mdigo aliwachukua usiku, akawapeleka kijijini kwa mama yake. Walikaa huko mpaka mji ulipotulia, wakila walichokula wenyeji wao, isipokuwa nyama, ambayo mama yule, bila kuambiwa mara mbili, hakuiweka mbele yao hata siku moja. Babu alipokuwa akituhadithia habari hii, alikuwa akinyamaza kidogo hapo.

Waliporudi, kazi ya kwanza Mistri aliyopewa ilikuwa kutengeneza majeneza.

Neno Moja Katika Daftari

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na baada ya vita jamii yetu iliongezeka. Ibada iliyokuwa ikifanywa katika vyumba vya watu ilihitaji mahali pake. Wenye uwezo walitoa fedha na kiwanja, waashi wakajenga, na Mistri akapewa kazi ya milango miwili, kenchi za paa, na kiti cha enzi cha kuwekea sanamu.

Milango ile wasomaji wanaijua, kwa kuwa wanaisukuma kila waingiapo. Tunaomba safari ijayo wasimame kidogo na kuitazama. Ni ya mvule. Mbao zake zimegawanywa kwa miraba kama milango ya Gujarat, na katika kila mraba kuna ua la yungiyungi. Lakini fremu imezungushwa mnyororo kama milango ya pwani, na katikati kuna mfaa. Chini, karibu na kizingiti, mahali ambapo mtu anapainamia anapovua viatu, nakshi ya mlango wa kushoto si sawa kabisa na ya mlango wa kulia. Tumekwisha kusikia watu wakisema kwamba ni kosa. Si kosa. Mlango mmoja aliuchonga Mistri na wa pili aliuchonga mwenzake, na kila mkono una mwandiko wake.

Jiwe la marumaru lililo ukutani lina majina ya wafadhili. Jina la Mistri halimo, wala la mwenzake, wala la mwanagenzi yeyote. Miaka kadhaa iliyopita tulipata ruhusa ya kulifungua daftari la hesabu la zamani la hekalu. Kila mchango umeandikwa kwa Kigujarati kwa unadhifu mkubwa, jina kwa jina, rupia kwa rupia. Karibu na mwisho kuna mstari mfupi. Unasema: Suthar, milango miwili; kisha, katika safu ya malipo, neno moja tu: baki.

Msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa neno hilo, kwa kuwa limeingia katika lugha zote mbili. Ni kiasi kilichosalia, deni ambalo halijafungwa. Nyumbani kwetu mstari huo umekuwa na maelezo mawili. Babu yetu alishikilia kwamba baba yake alikataa malipo, akasema hawezi kumtoza Mungu ujira, na mweka hesabu hakujua aandike nini. Lakini bibi yetu, tuliyemwita Ba, alisema kwamba mama mkwe wake alimweleza tofauti: Mistri aliahidiwa, akangoja, fedha zikaishia kwenye marumaru, na yeye aliona aibu kwenda kudai mlangoni pa watu wakubwa. Wanagenzi wake aliwalipa kwa kuuza bangili mbili za mke wake. Maelezo yapi ni ya kweli, daftari halisemi. Sisi hatuna kinyongo na mtu, na waliohusika wote wamekwisha kwenda kwa Bwana. Tunaandika lililomo katika daftari, basi.

Sanduku Lililofichwa

Baada ya hapo kuna sehemu ambayo ni vigumu kwetu kuiandika, na tusingeiandika kama tusingekuwa tumefika umri huu.

Mistri alifariki kabla sisi hatujazaliwa. Mwanawe, babu yetu, hakutaka kuwa seremala. Alianza kuuza mbao badala ya kuzichonga, kisha akaongeza misumari, rangi na vitasa, na akafanikiwa. Pamoja na mafanikio ilikuja haya. Katika jamii zetu za zamani, ni lazima tukiri, aliyekaa nyuma ya kaunta alihesabiwa kuwa juu ya aliyekaa mbele ya benchi. Watu wa posa walipokuja nyumbani kuuliza habari za ukoo, walijibiwa kwamba sisi ni watu wa biashara ya mbao, tangu zamani. Sanduku la Mistri liliwekwa ghalani, chini ya magunia. Watoto walikatazwa kulifungua.

Neno bepari limetokana na vepari ya Kigujarati, ambayo maana yake ni mfanyabiashara tu. Familia yetu ilitamani sana kuitwa hivyo. Haukupita muda mrefu neno hilo likageuka kuwa lawama katika nchi nzima, nasi tukalivaa kama tulivyolitamani.

Bei ya mkonge ilianguka katika miaka ya 1960, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Duka lililotegemea mashamba lilidhoofika. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi laki moja yalipochukuliwa, nyumba ya baba yetu ilikuwamo. Wengi wa jamii yetu waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na India. Hatuyaandiki haya kwa kulalamika. Nchi changa ilikuwa ikitafuta njia yake, na wako waliopoteza zaidi yetu. Tunayaandika kwa sababu ya lililotokea baadaye.

Baba yetu hakuondoka. Tulikuwa watoto wadogo wa shule, na tunakumbuka jioni aliyoyatoa magunia ghalani na kulivuta sanduku lile mpaka uani. Lilipofunguliwa lilinukia mafuta ya nazi, ambayo mtu fulani alikuwa amepaka vyuma ili visishike kutu. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi: majina sita, na mbele ya kila jina vijistari vya kuhesabia siku za kazi. Jina la kwanza lilikuwa lake. Matano yaliyobaki yalikuwa ya Waafrika. Majina hayo tunayahifadhi, lakini hatuyachapi hapa bila idhini ya jamaa zao.

Zana zilikuwepo, lakini ujuzi ulikuwa umekatika. Babu hakujifunza, na baba hakuwa na wa kumfundisha katika ukoo mzima. Akachukua jina la pili lililoandikwa kifuniko, akaenda kuuliza mitaani. Akaelekezwa kwa mzee mmoja, mtoto wa yule Mdigo, aliyekuwa na karakana yake chini ya mwembe. Baba alipomweleza yeye ni nani, mzee hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na kijiti cha pande nne, kilichonakiliwa kutoka kile cha Mistri alama kwa alama. Kisha akamwonyesha baba nafasi katika benchi.

Baba yetu alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu alipoanza kufundishwa kunoa patasi. Alifundishwa na mtoto wa mwenzake Mistri, aliyefundishwa na baba yake, aliyefundishana na Mistri. Ulimi na tundu, kuchora kwa chokaa, kuutambua mvule kwa harufu: yote yalikuwa yamehifadhiwa, wala si na sisi. Sisi tulikuwa tumeyafunika kwa magunia. Waliokuwa wakipaka mafuta ya nazi kwenye vyuma vile, tulikuja kuambiwa, walikuwa wapagazi wa ghala letu, kwa maagizo ya mzee yule, aliyekuwa akipita kila mwaka kuuliza kama sanduku bado lipo.

Kwa kazi hiyo ya benchi tulilishwa, tukavishwa, tukalipiwa karo mpaka kidato cha nne. Biashara ya samani tunayoiendesha leo ilianzia pale chini ya mwembe.

Ombi Letu

Tumesikia kwamba katika ukarabati unaopangwa yako mawazo ya kuiondoa milango ile na kuweka ya alumini, ambayo ni mepesi na haihitaji kupakwa mafuta. Tunaheshimu nia njema ya waliotoa wazo hilo. Kwa hakika mbao za chini zimeoza kidogo kwa maji ya mvua, na mmoja wa miimo umelegea. Lakini maradhi hayo yanatibika. Mlango uliofungwa kwa ulimi na tundu unaweza kufunguliwa kipande kwa kipande, kilichooza kikatolewa, na kingine kikaingizwa mahali pake. Waliouunda waliuunda hivyo ili siku moja mwingine aweze kuutengeneza.

Ombi letu kwa kamati, basi, ni moja. Milango ile itengenezwe, isitupwe. Na fundi atakayepewa kazi hiyo, awe wa jamii yetu au Mdigo au Msambaa au mtu wa kabila lolote, alipwe ujira wake kamili siku ile anapomaliza, mbele ya milango yenyewe, na jina lake liandikwe katika daftari. Sisi tuko tayari kuchangia mvule. Baada ya hapo mweka hazina afungue lile daftari la zamani, na kando ya neno lile aandike tarehe.

Kwa familia nyingine tunasema hivi: tazameni maghalani mwenu. Iko nyumba yenye mkasi wa babu aliyekuwa mshona nguo, iko yenye nyundo ya mhunzi, iko yenye mizani ya sonara. Vitoeni. Siku ya Vishwakarma, fundi huzisafisha zana zake, akazitia alama ya kumkum, akazipumzisha. Kwa miaka mingi siku hiyo sanduku la Mistri lilikuwa chini ya magunia. Sasa huwekwa juu ya meza, na wajukuu wa mzee wa mwembeni huja kukaa nasi, na kijiti chao huwekwa kando ya chetu.

Tunaliombea hekalu letu maisha marefu, na wote waingiao kwa milango yake tunawaombea amani.